Amri Ipoteapo Njiani: Uchunguzi wa Hitilafu za Msaidizi wa Sauti Nyumbani

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini taa au feni iliyounganishwa na msaidizi wa sauti hukataa kutii, na namna ya kukitafuta kiini cha hitilafu. Huenda msomaji akauliza jambo hili la mafundi linawahusu nini wanaisimu. Jibu ni kwamba amri ya kuwasha taa ni tungo, nayo hupita vituo vinne kabla ya kuwa tendo. Vitatu kati ya hivyo ni vya lugha.

Kituo cha kwanza ni neno la kuamsha, kwa mfano "Alexa". Spika hulitambua neno hili yenyewe. Ikiitwa na kitaa chake kisiwake, basi amri haijaanza safari: ama maikrofoni imezimwa, ama kelele za runinga zimelimeza neno.

Kituo cha pili ni utambuzi wa maneno. Kwa kawaida sauti hupelekwa kwa njia ya intaneti hadi kwenye kompyuta za mbali na kugeuzwa maandishi. Hapa mchunguzi ana ushahidi mzuri, kwani programu iliyo katika simu huweza kuonyesha maneno yaliyosikika. Yafaa ayasome kabla ya kukisia. Akikuta "sebuleni" imekuwa maneno ya Kiingereza yasiyo na maana, ajue kuwa spika imewekwa kusikia Kiingereza, na silabi za Kiswahili zimelazimishwa kuvaa fonimu zisizo zake.

Kituo cha tatu ni maana. Jina lililotajwa hulinganishwa na orodha ya vyombo vya nyumba. Vyombo viwili vikiwa na majina yanayokaribiana, au chombo na chumba vikiitwa jina moja, msaidizi huuliza tena, au huwasha kisichokusudiwa. Dawa yake ni majina yanayotofautiana waziwazi kwa sauti, na yaliyo katika lugha ambayo spika imewekwa kusikia.

Kituo cha nne ni chombo chenyewe, nacho ndicho kinachofaa kujaribiwa kwanza. Kiamriwe kwa kidole katika programu ya msaidizi. Kikitii, kosa limo katika vituo vitatu vilivyotangulia. Kisipotii, tutazame umeme, mtandao na kiungo cha akaunti. Aghalabu mtu wa nyumbani amezima swichi ya ukutani, na balbu isiyo na umeme haisikii amri. Ikiwa neno la siri la ruta limebadilishwa, hapana budi kuiunganisha balbu upya. Balbu nyingi hupokea mawimbi ya gigahatsi 2.4 peke yake.

Sasa tujiulize: Kiswahili kingepita vipi katika vituo hivi? Nomino "taa" haibadiliki katika umoja na wingi. Idadi hujulikana kwa upatanisho. "Iwashe taa ya jikoni" ni taa moja, "ziwashe taa za jikoni" ni zaidi ya moja, bali "washa taa" haitupi idadi. Tena "usiizime" ni neno moja lenye ukanushi, nafsi, yambwa na kitenzi. Programu inayodaka mzizi peke yake itazima taa tuliyoikataza kuzimwa. Na akisema mtu "saa moja jioni", programu iliyofasiriwa tu kutoka Kiingereza huenda ikawasha taa saa saba mchana.

Amazon Echo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2014 ikisikia Kiingereza. Alexa iliongezewa Kijerumani mwaka 2016 na Kihindi mwaka 2019. Mwaka 2017 Google iliingiza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa sauti. Hiyo ilikuwa hatua, lakini kunukuu usemi si kuuelewa.

Bibi asiyejua Kiingereza, akiwa katika nyumba ya mjukuu wake inayotii Kiingereza tu, hana budi kungoja awashiwe taa. Kosa si la matamshi yake. Kazi ya kulisahihisha inahitaji usemi uliokusanywa kutoka lahaja na rika mbalimbali, kama unavyokusanywa katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, pamoja na maelezo kamili ya sarufi ya amri. Maelezo hayo ni jukumu letu, wala tusiwaachie mafundi peke yao.