Maziwa ya Mama Katika Siku za Mwanzo

Siku ya pili au ya tatu baada ya kujifungua, akina mama wengi hutamka maneno yale yale: "Sina maziwa." Mtoto analia, matiti bado ni laini, na kinachotoka ni matone machache mazito yenye rangi ya njano. Wenye huruma nyumbani, nao huwa wengi, huharakisha kumpa mtoto maji ya sukari, uji mwepesi au maziwa ya kopo ili apate kulala. Mtoto hulala kweli. Lakini tendo hilo, lililofanywa kwa nia njema kabisa, mara nyingi ndilo linaloleta upungufu uliokusudiwa kuzuiwa. Sababu yake imo katika namna titi linavyofanya kazi.

Ndani ya titi mna vifuko vidogo sana vilivyojikusanya mfano wa vichala vya zabibu. Seli za kuta za vifuko hivyo huchota maji na virutubisho kutoka katika damu na kutengeneza maziwa, ambayo hupita katika vijifereji mpaka kwenye chuchu. Ukubwa wa titi hutegemea zaidi mafuta yaliyozunguka vifuko. Kwa hiyo mwenye matiti madogo hana sababu ya kuingiwa na hofu.

Vifuko hivyo huwa tayari kufikia katikati ya mimba. Kinachovizuia visitoe maziwa mengi ni homoni ya projesteroni itokayo katika kondo la nyuma. Kondo likishatoka, projesteroni hupungua haraka katika damu, na homoni nyingine, prolaktini, itolewayo na sehemu ya mbele ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, hupata nafasi ya kutenda kazi yake. Mabadiliko hayo huchukua muda. Kwa kawaida maziwa hujaa baina ya siku ya pili na ya nne, na kwa mwenye mtoto wa kwanza au aliyejifungua kwa kupasuliwa huweza kukawia zaidi. Basi mama anayelalamika siku ya pili, kwa kawaida, hana kasoro yoyote.

Dang'a

Yale matone ya njano ni dang'a, jina ambalo wafugaji hulitumia pia kwa maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Zipo jamii zilizozoea kuikamua na kuimwaga kwa kudhani kuwa ni maziwa yaliyochacha titini. Rangi yake hutokana na karotini, ile ile inayolipa papai bivu rangi yake. Dang'a ina protini nyingi, na sehemu kubwa ya protini hizo ni kingamwili zinazotanda juu ya ngozi laini ya utumbo wa mtoto na kuvizuia vijidudu visipenye. Aidha, humsaidia mtoto kutoa kile kinyesi cheusi cha mwanzo. Kiasi chake ni vijiko vichache vya chai kwa kila mnyonyo, na ndicho kiasi kinachomtosha mtoto aliyetimia miezi yake. Mtoto wa kilo 3 akipungua gramu 200 katika siku hizo si ajabu. Uzito huo hurudi kwa kawaida kabla ya wiki mbili kwisha.

Umuhimu wa saa za mwanzo ulidhihirika katika utafiti uliofanywa nchini Ghana na kuchapishwa mwaka 2006, uliohusu watoto wapatao 10,900. Watafiti walikadiria kwamba asilimia 22 ya vifo vya watoto wachanga vingeweza kuepukwa iwapo wote wangeanza kunyonya katika saa ya kwanza ya maisha yao.

Amri ya kutengeneza na amri ya kutoa

Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka habari ubongoni, na homoni mbili hutolewa. Prolaktini huziamuru seli zitengeneze maziwa. Nayo hutoka kwa wingi zaidi usiku, ndiyo maana mnyonyo wa usiku haufai kuachwa. Ya pili, oksitosini, hukaza misuli midogo iliyovizunguka vifuko, na maziwa husukumwa nje. Homoni hiyo hiyo hukaza mji wa mimba na kupunguza damu inayotoka baada ya uzazi.

Mfugaji wa ng'ombe wa kienyeji anaijua oksitosini hata kama hajapata kulisikia jina lake. Ng'ombe huyo hakubali kuteremsha maziwa mpaka ndama amguse kiwele na kunyonya kidogo. Na akishtushwa, huyazuia. Mama naye akiwa na maumivu, hofu au aibu, maziwa yaliyomo titini huweza kukataa kutoka kwa muda. Kumwambia mbele ya wageni kwamba mtoto wake anakonda kwa njaa ni njia ya hakika ya kumchelewesha.

Zaidi ya homoni hizo, kila titi lina kipimo chake lenyewe. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Scotland walikamua upande mmoja wa kiwele cha mbuzi mara nyingi zaidi kuliko upande wa pili. Damu iliyolisha pande zote ilikuwa moja, na homoni zilikuwa zile zile, lakini ni upande uliokamuliwa zaidi tu ulioongeza maziwa. Maziwa yanayobaki ndani huziashiria seli zipunguze kazi. Yanayotolewa huacha nafasi ya mengine.

Hapo ndipo kosa la maji ya sukari linapoonekana. Tumbo lililojaa maji halitafuti titi. Mtoto hunyonya mara tatu badala ya nane au kumi na mbili kwa siku, maziwa hubaki, prolaktini hupungua, na baada ya siku chache mama huwa kweli hana maziwa ya kutosha. Isitoshe, maji na chupa huweza kuingiza vijidudu vya kuhara. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2001, limependekeza maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila hata maji.

Msaada nyumbani

Desturi nyingi zetu zina busara. Siku arobaini za uzazi humpumzisha mama. Mtori wa Kilimanjaro na uji wa pilipili manga wa pwani humlisha na kumtuliza. Ila chakula hakichukui nafasi ya kinywa cha mtoto. Msaada ulio bora zaidi ni kuketi karibu na mama na kutazama mtoto anavyoshika titi: tumbo lake lielekee tumbo la mama, kinywa kiwe wazi sana, na ndani yake iingie sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka chuchu. Maumivu yasiyokwisha huonyesha kwamba ameshika ncha tu.

Mwanafunzi wa fizikia atatambua pia kwa nini mtoto hupoa upesi: eneo la ngozi yake ni kubwa kwa kulinganisha na uzito wake, na unyevu unaokauka mwilini huchukua joto. Mwaka 1978 madaktari wa Bogotá, Colombia, walianza kuwaweka watoto njiti kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo humfaa kila mtoto, na humweka karibu na titi. Kuoga kungoje saa 24. Kitovu kiachwe kikavu na safi, bila majivu, samli wala kinyesi cha ng'ombe, isipokuwa dawa iliyotolewa na mhudumu wa afya.

Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayeshiba hukojoa mara sita au zaidi kwa siku. Lakini anayekataa kunyonya, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mwenye homa au mwili wa baridi, degedege, kitovu chekundu, au umanjano katika siku ya kwanza au uliofika viganjani na nyayoni, apelekwe kituo cha afya bila kungoja kesho.

Mama ambaye maziwa yake yalikwisha kupungua, au hata kukauka, huweza kuyarudisha, na bibi aliyeachiwa mjukuu naye huweza kufanikiwa. Mtoto huwekwa titini mara nyingi mchana na usiku. Ili asichoke kunyonya pasipo kitu, mpira mwembamba hutumbukizwa katika kikombe cha maziwa, na ncha yake ya pili huwekwa kando ya chuchu. Anaponyonya hupata maziwa ya kikombeni, huku chuchu ikipeleka habari ubongoni. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, au wiki chache, chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya, na maziwa ya kikombeni hupunguzwa kidogo kidogo kadiri ya titi yanavyoongezeka.