Mbwa hotelini: Mwenye cheti hufukuzwa, koko wa jikoni hulishwa

KATIKA malango mengi humu nchini, kuanzia mitaa ya Kitale hadi maboma yaliyo nje ya mji wa Bungoma, kuna kibao kimoja kisichohitaji mkalimani: “Mbwa Kali”. Walimu wa Kiswahili wamekisahihisha kwa miaka na mikaka, wakisisitiza kwamba mbwa ni mkali wala si kali, lakini wachoraji wa vibao hawajasikia. Hata hivyo, ujumbe umefika. Kwetu mbwa ni askari wa langoni. Kazi yake ni kumzuia mgeni, si kuandamana naye safarini.

Ndiyo sababu mhudumu wa mapokezi katika hoteli ya mapumziko hushtuka anapopigiwa simu na kuulizwa: “Je, tunaweza kuja na mbwa wetu?”

Tuchukue mfano wa familia ya watu watano inayotoka Nairobi wakati wa likizo ya Agosti. Safari ni ya kwenda Endebess, chini ya Mlima Elgon, watoto wakapande mlima na kuona mapango ambamo ndovu huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao. Nyumbani hakuna wa kumwachia mbwa. Jirani naye amesafiri, na mlinzi amekwenda kwao. Familia ina njia mbili: kumfungia mnyama na kumwekea chakula cha siku tatu, jambo ambalo ni ukatili na linaloweza kuwa kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, au kumpakia garini pamoja na mizigo.

Jibu la swali lao linategemea kwanza jambo moja ambalo wasafiri wengi hawalifikirii: hoteli iko upande gani wa lango.

Endebess ni mji mdogo katika Kaunti ya Trans Nzoia, takriban kilomita 20 kutoka Kitale, na ndiyo njia ya wengi waendao katika Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon kupitia lango la Chorlim. Mbuga hiyo ilitengwa mwaka 1968, ina ukubwa wa kilomita mraba 169 na inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Nchini (KWS). Nyumba za wageni zilizo ndani yake, kama zile za Kapkuro, zinafuata kanuni za mbuga, na kanuni hizo hazimruhusu mtalii kuingia na mnyama wa kufugwa. Hapo hakuna mjadala wala hisani ya meneja. Mbwa wanaofanya kazi katika hifadhi zetu ni wale waliofunzwa kunusa pembe za ndovu zilizofichwa au kufuata nyayo za majangili.

Wengi hudhani marufuku hiyo imewekwa ili mbwa wasiwatimue swara. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya hoja. Mwaka 1994, takriban thuluthi moja ya simba wa Serengeti, nchini Tanzania, walikufa kwa ugonjwa wa distempa, ambao virusi vyake huishi kwa mbwa. Wataalamu walipofuatilia chanzo chake, macho yao yaliwageukia mbwa wa kufugwa katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. Ugonjwa huo ulivuka mpaka na kuingia Maasai Mara. Kabla ya hapo, mwaka 1989, kichaa cha mbwa kilikuwa kimewaua mbwa-mwitu wa Mara, na mwaka 2017 distempa ikawafyeka mbwa-mwitu wa Laikipia. Simba si wanyama wa kutafutwa Elgon, lakini mlima una chui na fisi, na magonjwa hayo hayabagui mnyama alaye nyama.

Kuna pia hatari inayomhusu mbwa mwenyewe na bwana wake. Mbwa wa mjini akimwona ndovu au nyati kwa mara ya kwanza humbwekea kwa ujasiri mkubwa. Mnyama anapogeuka na kumkabili, ujasiri huo huisha, na mbwa hutimua mbio akirudi mahali pekee anapopajua kuwa ni salama, yaani miguuni pa mwenyewe. Kinachomfuata nyuma si vigumu kukikisia. Naye chui humpenda mbwa kwa maana isiyomfurahisha mwenye mbwa; wanaoishi kandokando ya misitu wanajua kwamba mbwa aliyelala nje ni mlo wa kwanza kutafutwa kabla hata ya mbuzi. Kwa hiyo hata katika hoteli iliyo nje ya mbuga, lakini karibu na msitu, mbwa wa mgeni hapaswi kufungwa mtini usiku kucha.

Nje ya lango, uamuzi ni wa mwenye hoteli. Hapa ndipo panapotokea kichekesho ambacho kingefurahisha laiti kisingekuwa na kifo ndani yake. Hoteli nyingi humkataa mbwa wa mgeni, aliyeogeshwa na mwenye cheti cha chanjo, kwa kusema kwamba zinawalinda watoto wa wageni wengine. Wakati huohuo, nyuma ya jikoni, mbwa koko watatu au wanne wasio na mwenyewe wanagombania mifupa iliyotupwa na mpishi. Watoto wale wale wanaolindwa huwatupia vipande vya mkate wakati wa kiamshakinywa. Hakuna anayejua kama mbwa hao wamewahi kuchanjwa, na hakuna anayeuliza.

Kichaa cha mbwa si ugonjwa wa kufanyiwa mzaha. Virusi vyake hukaa katika mate, huingia kupitia jeraha la kuumwa au kukwaruzwa, kisha husafiri polepole katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Dalili zikishaonekana, yaani homa, wasiwasi, kushindwa kumeza na kuogopa maji, mgonjwa karibu hakika atakufa. Duniani kote ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, na takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Wanne kati ya kila waathiriwa kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Humu nchini, mkakati wa kitaifa uliozinduliwa mwaka 2014, unaolenga kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2030, ulitaja makadirio ya hadi vifo 2,000 kwa mwaka.

Jambo la kutia hofu zaidi kwa mwenye hoteli ni muda. Kati ya kuumwa na kuugua hupita kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu, na wakati mwingine zaidi. Mtoto aliyeng’atwa kidogo mkononi akiwa likizoni Agosti anaweza kuanza kuugua Oktoba, akiwa darasani, mamia ya kilomita kutoka Endebess. Wazazi watakuwa wamesahau kijeraha kile. Hoteli haitapata habari kamwe, na mbwa yule wa jikoni, kama bado yu hai, atakuwa amewauma wengine.

Kwa upande mwingine, tazama yanayotokea iwapo anayeuma ni mbwa wa mgeni mwenye cheti. Jeraha huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto hupelekwa hospitalini bila kungoja kuona kama mbwa ataugua. Mbwa naye hutengwa na kuchunguzwa na daktari wa mifugo kwa siku 10. Akibaki mzima baada ya muda huo, hakuwa na virusi katika mate yake siku aliyouma, na daktari anaweza kuamua chanjo ya mtoto isitishwe. Mbwa koko hawezi kuchunguzwa hivyo kwa sababu kesho yake hayupo. Ndiyo maana daftari la mapokezi lina umuhimu kuliko kibao cha marufuku: jina la mwenye mbwa, nambari ya simu, anakoishi, na tarehe ya chanjo ya mwisho. Mgeni anayelala usiku mmoja na kuondoka asubuhi na mbwa aliyeuma lazima aweze kupatikana siku tisa zilizobaki.

Chanjo yenyewe hutolewa kwa mbwa kuanzia umri wa miezi mitatu na kwa kawaida hurudiwa kila mwaka. Wataalamu husema kwamba asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Hoteli inayowachanja mbwa wake wa ulinzi, ikawasaidia majirani kuwachanja wao, na kufunika mapipa yake ya taka imewalinda wateja kuliko ile iliyopigilia kibao langoni na kuishia hapo.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana, ambayo wakazi wa Trans Nzoia wangepaswa kuijua vyema kwa kuwa Kitale ndiyo njia ya kwenda Turkana. Jamii za wafugaji wa Turkana zimewahi kurekodiwa kuwa na viwango vya juu kabisa duniani vya uvimbe wa maji unaosababishwa na aina ndogo ya tegu. Mbwa hupata mnyoo huo kwa kula maini na mapafu mabichi yenye uvimbe, na mayai yake hutoka katika kinyesi. Mtoto anayecheza nyasini na kutia kidole mdomoni huyameza, na uvimbe unaweza kukua ndani ya ini lake kwa miaka kabla ya kugunduliwa. Sasa fikiria desturi ya hoteli zetu: mbuzi huchinjwa uani kwa ajili ya nyama choma, na matumbo yasiyopendeza hutupiwa mbwa. Desturi hiyo inahitaji kukoma, awepo mbwa wa mgeni au asiwepo. Mbwa anayesafiri naye apewe dawa ya minyoo kabla ya safari, na kinyesi chake kiokotwe na mwenyewe, si na mfagiaji wa hoteli.

Lakini mambo haya hayaishii kwa daktari. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda zilizotengewa walowezi Wazungu, na katika nyumba zao kubwa mbwa alilala barazani huku mfanyakazi Mwafrika akipitia mlango wa nyuma. Hoteli nyingi za enzi hiyo zilimbagua mtu mweusi waziwazi. Mzee anayemwona leo mbwa amelala juu ya zulia la hoteli huenda asiseme neno, lakini haoni alichokiona mjukuu wake. Si haki kumwita mshamba.

Vivyo hivyo kwa Waislamu, ambao wako Kitale na Bungoma kama walivyo Mombasa na Lamu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mgeni anayetaka kuswali chumbani mwake ana haki ya kujua kama jana mbwa alilala humo. Hoteli inayopokea mbwa haina budi kutenga vyumba vyao, vinavyojulikana na visivyobadilishwa, na kuwataka wenye mbwa walete sahani zao wenyewe. Sahani ya jikoni isitumiwe kamwe. Wapo pia wageni ambao vifua vyao hubana kwa manyoya ya wanyama, na utengaji huo huo huwasaidia.

Katika nchi zilizozoea jambo hili, hoteli huwatengea wenye mbwa vyumba vya chini vyenye mlango wa kutokea nje, hutoza ada ya usafi, huwakataza mbwa kuingia katika ukumbi wa chakula, na hairuhusiwi kumwacha mbwa peke yake chumbani akibweka wenyewe wakiwa matembezini. Kanuni hii ya mwisho ndiyo inayovunjwa mara nyingi, na ndiyo inayoleta ugomvi. Humu nchini, Msitu wa Karura jijini Nairobi unawapokea mbwa kwa sharti la kufungwa ukanda, na maelfu ya familia hutembea humo bila tatizo. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu inazilazimu hoteli kumpokea mbwa anayemwongoza kipofu bila kutoza ada ya mnyama, kwani huyo hahesabiwi kuwa kipenzi bali ni macho ya mtu. Hoteli yoyote ya Endebess inayoandika kanuni zake ingefaa kuliandika hilo mapema, kabla ya mgeni wa namna hiyo kusimama mapokezini.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa biashara ya utalii ya Elgon, ambayo haijawahi kupata umati unaomiminika Mara na Amboseli, familia moja zaidi si kitu cha kudharauliwa. Hata hivyo, familia hiyo inapaswa kuuliza kabla ya kuondoka nyumbani, si baada ya kufika. Iulize hoteli iko ndani au nje ya mbuga, mbwa atalala wapi usiku, na nani atabaki naye siku ya kupanda mlima, maana langoni Chorlim hatapita.

Na ikiwa safari inaendelea hadi Suam na kuvuka kuingia Uganda, cheti cha chanjo peke yake hakitoshi. Mpakani hutakiwa pia cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali na kibali cha nchi anakokwenda mnyama. Wakati wa kurudi, Kenya nayo hudai kibali cha kumwingiza, hata kama mbwa mwenyewe alizaliwa Kitale.