Nani Awe wa Kwanza Katika Nyumba ya Banks?

Ubishi juu ya watu wa michezo ya televisheni haukosekani penye wanafunzi. Huyu atasema fulani ndiye bora kwa sababu huchekesha. Yule atamkatalia na kumsifu mwingine kwa mavazi yake au kwa sauti yake. Ubishi huo hauishi, maana kila mtu hupima kwa kibaba chake. Basi nimeona yafaa nichukue mchezo mmoja ujulikanao sana, niwapange watu wake kwa kipimo kimoja, kisha msomaji akubali au akatae akiwa anajua sababu zangu.

Mchezo wenyewe ni The Fresh Prince of Bel-Air. Ulitengenezwa Marekani, ukaonyeshwa na televisheni ya NBC tangu tarehe 10 Septemba 1990 hata tarehe 20 Mei 1996, na sehemu zake ni 148. Kisa chake ni chepesi kueleza. Kijana Will, mzaliwa wa West Philadelphia, agombana na wahuni kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Mama yake aingiwa na hofu, ampeleka Bel-Air, mtaa wa matajiri katika mji wa Los Angeles, akakae kwa dada yake Vivian na mumewe, wakili Philip Banks. Hadithi hii haikutungwa hewani tu. Kwa sehemu ilitokana na maisha ya Benny Medina, ambaye alikulia katika umaskini, kisha akapata kuishi na familia yenye mali huko Beverly Hills.

Kipimo changu ni swali hili: mtu huyu akiondolewa, nyumba itapungukiwa na nini? Kuchekesha peke yake hakutoshi, kwani hata nyani juu ya mti huchekesha. Nitaanza na wa saba, nipande hata wa kwanza.

Wa saba ni Ashley, binti mdogo, aliyechezwa na Tatyana Ali. Mwanzoni yeye ni mtoto wa kupangiwa kila kitu. Will anapomwona amechoshwa na fidla, amtia moyo apige ngoma, na nyumba nzima yapata taabu ya kelele. Nampenda, lakini aghalabu kazi yake ni kutuonyesha wema wa Will kuliko kutuonyesha yeye mwenyewe.

Wa sita ni Hilary, binti mkubwa, aliyechezwa na Karyn Parsons. Huyu hajui bei ya kitu chochote ila anajua kukinunua, tena kwa fedha ya baba. Hata hivyo polepole alianza kujitafutia riziki, mpaka akawa mtangazaji wa hali ya hewa katika televisheni. Pasipo Hilary tusingeona kwamba utajiri nao unaweza kumlemaza mtoto.

Wa tano ni Geoffrey, mtumishi wa nyumba. Joseph Marcell, aliyemcheza, alizaliwa Saint Lucia akakulia Uingereza, naye ni mtu aliyezoea kucheza michezo ya Shakespeare jukwaani. Geoffrey hutumwa chai, akaileta pamoja na neno moja kali lililofungwa katika adabu. Akiondoka, hapana atakayewaambia matajiri hawa ukweli wao huku akiwapa sahani.

Wa nne ni Vivian, mama mwenye nyumba, ambaye pia ni mwalimu. Katika msimu wa kwanza alikwenda kufundisha historia ya watu weusi katika shule wanayosoma Will na Carlton. Vijana wale wakadhani somo litakuwa mteremko, kwa kuwa mwalimu ni wa nyumbani, nao ni weusi tayari. Hasha! Aliwafundisha kwamba kuwa na ngozi ya watu fulani si sawa na kujua habari zao. Janet Hubert alimcheza Vivian mpaka 1993, kisha nafasi ikashikwa na Daphne Maxwell Reid. Mchezaji alibadilika, lakini nyumba haikuweza kukaa bila Vivian. Hilo lenyewe laonyesha uzito wa mahali pake.

Wa tatu ni Carlton, aliyechezwa na Alfonso Ribeiro. Wengi humcheka kwa ufupi wake, sweta zake, na namna yake ya kucheza dansi akirusha mikono huku na huku. Lakini Carlton ndiye aliyepewa maswali magumu. Katika sehemu moja ya mwaka 1990 yeye na Will walitumwa kuendesha gari la mwenziwe Philip katika kazi, wakasimamishwa na polisi na kufungwa kwa kudhaniwa kuwa wezi wa gari. Will alifahamu mara moja kwamba sababu ni rangi yao. Carlton alishikilia kwamba askari walikuwa wanafanya kazi yao tu. Usiku alipomwuliza baba yake, Philip akamjibu kwamba swali lile naye alijiuliza siku ya kwanza aliposimamishwa yeye. Kisha mwaka 1993 Carlton akakataliwa na kiongozi wa chama cha wanafunzi weusi chuoni, kwa kuwa ati mtoto wa tajiri si mweusi kamili. Pale Carlton alijitetea kiume: weusi wake si kitu anachojaribu kuwa, ndivyo alivyo. Mtu wa kuchekwa alipata heshima bila kuacha kuchekesha.

Wa pili ni Will, aliyechezwa na Will Smith. Najua hapa wengi watapiga kelele, maana jina la mchezo ni lake na vichekesho vingi ni vyake. Nakubali kwamba pasipo yeye hakuna hadithi. Lakini angalieni: Will ndiye anayeletwa, na hadithi ya mgeni haina maana bila mwenyeji aliyemfungulia mlango. Tena, kicheko cha Will mara nyingi ni kifuniko. Chini yake kuna mtoto ambaye baba yake mzazi aliondoka bila kuaga.

Basi wa kwanza ni Philip Banks, aliyechezwa na James Avery, ambaye alifariki tarehe 31 Desemba 2013. Philip ni mnene, ana hasira za haraka, anapenda chakula, na kazi yake ya mara kwa mara ni kumrusha nje Jazz, rafiki wa Will. Alianza kama wakili, baadaye akawa jaji. Ana kasoro pia, kwa maana asili yake ni shamba, na wakati fulani alitaka kuficha hilo mpaka wazazi wake wakaumia. Lakini tokea sehemu ya kwanza, Will alipomdhania kuwa tajiri asiyejua shida, Philip alimkumbusha kwamba vita vya haki za watu weusi yeye alivipigana ujanani. Halafu akasikia kijana yule akipiga piano kwa ustadi, akafahamu kwamba naye alikuwa hamjui mgeni wake.

Sehemu inayompa taji ni ile ya tarehe 9 Mei 1994. Baba mzazi wa Will, Lou, dereva wa malori aliyechezwa na Ben Vereen, alirudi baada ya miaka 14. Alimwahidi mwanawe safari ya pamoja, na Will akafunga mizigo kwa furaha. Philip alimkaripia Lou, akijua yatakayokuja. Na kweli, Lou alivunja ahadi. Will akajitia kutojali, akataja yote aliyojifunza bila baba, kisha sauti ikamkatika akauliza kwa nini baba yake hamtaki. Philip hakutoa hotuba. Alimkumbatia tu.

Hapa lugha yetu yatusaidia kuona jambo ambalo Kiingereza chalificha. Will humwita mlezi wake “Uncle Phil”, na neno hilo moja la Kiingereza hubeba jamaa wa kila namna. Kwetu sisi, mjomba ni ndugu wa kiume wa mama. Philip si mjomba. Yeye ni mume wa dada wa mama, naye huyo tunamwita baba, awe baba mkubwa au baba mdogo. Yaani Mswahili angempa Philip jina la baba tangu siku ya kwanza, na mchezo ukatumia miaka sita kuonyesha kwamba analistahili.

Lakini tusijisifu mno. Jina twalitoa bure. Kulijaza ndiyo kazi. Lou alikuwa na jina la baba kwa damu, akaliacha tupu kama debe. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mimi mwenyewe nalelewa na mume wa mama mkubwa. Namwita baba, wala hakuna jirani aulizaye kwa nini. Yeye hunikaripia kama Philip, hununua daftari zangu, na sikumbuki siku aliyonitajia gharama. Najua katika darasa langu siko peke yangu.

Ndiyo sababu nimempandisha Philip juu ya wote. Mwondoe Will, nyumba ile ya Bel-Air itapoa na kuwa kimya. Mwondoe Philip, Will hana nyumba. Atakayebisha na aandike katika gazeti la muhula ujao, mradi atuonyeshe kwanza kipimo chake.