Jinsi Mafundi Wanavyofufua Kompyuta ya Zamani

Wanafunzi, mmepata kuona chukudu iliyopoteza gurudumu? Huko Masisi fundi haitupi. Anapima nafasi iliyobaki wazi, anatazama mhimili, kisha anachonga gurudumu jipya la mti. Gurudumu la zamani halipo, lakini vipande vilivyobaki vinamwonyesha ukubwa wake na kazi yake. Mafundi wa redio katika soko la Hombo wanafanya vile vile. Leo tutasoma habari za mafundi wanaofufua kompyuta za zamani kwa akili iyo hiyo.

Kompyuta ni mashine ya kuhesabu na kuweka habari. Zile za kwanza zilijaza chumba kizima. Mwaka 1965 kampuni ya Digital Equipment, katika mji wa Maynard, Marekani, ilianza kuuza kompyuta iitwayo PDP-8. Bei yake ilikuwa karibu dola 18,000. Ni fedha nyingi, lakini kompyuta kubwa za siku zile zilikuwa ghali kuliko hiyo mara nyingi. Mashine za namna hii ziliitwa minikompyuta, maana yake kompyuta ndogo. Hata hivyo uzito wake ulipita kilo 100.

Miaka ikapita, mashine mpya zikaja, za zamani zikatupwa. Nyingine zilivunjwa ili watu wapate shaba na dhahabu kidogo iliyomo. Nyingine zilisahauliwa ghalani, panya wakalala ndani yake, kutu ikazila. Kampuni iliyozitengeneza ilinunuliwa na kampuni nyingine mwaka 1998. Basi leo hakuna kiwanda kinachouza vipande vyake. Mtu akiokoa mashine hiyo na kukuta vipande vingine havimo, afanyeje?

Jambo la kwanza, asiiwashe. Ndani ya mashine mna vimkebe viitwavyo kapasita. Kazi yake ni kuweka umeme kwa muda mfupi, kama mtungi unavyoweka maji. Vingine vina maji ya dawa ndani, na yakikaa miaka mingi hukauka. Mtu akileta umeme wote mara moja, kimkebe chaweza kupasuka na kuunguza vipande vya jirani ambavyo vilikuwa vizima. Hivyo haraka ya saa moja inaharibu kitu kilichodumu miaka sitini.

Kwa hiyo fundi anaanza kwa kusafisha. Anatoa kadi zote, anaandika kila moja ilikaa wapi, anafuta vumbi na kutu. Kisha anapima kile kisanduku kinachogawa umeme, peke yake, mbali na kadi. Analeta umeme kidogo kidogo. Pengine anaweka balbu ya taa katika njia ya umeme. Kama ndani mna nyaya zinazogusana vibaya, balbu inawaka sana, na fundi anajua hatari kabla kitu hakijaungua. Nanyi kumbukeni: ndani ya kapasita umeme waweza kubaki hata baada ya kuzima. Mtoto asiguse ndani ya chombo cha umeme bila fundi.

Sasa vile vipande visivyokuwemo. PDP-8 ina mamia ya kadi ndogo, na kila namna ya kadi ina namba yake. Vitabu vya ufundi vya mashine hii vimehifadhiwa, pamoja na michoro ya nyaya. Fundi anatafuta namba ya kadi iliyopotea, anasoma mchoro, anajua nini kinaingia katika kadi na nini kinatoka. Akipata transista za nguvu sawa na zile za zamani, anatengeneza kadi mpya inayofanya kazi ile ile.

Hapo mawe ya nchi yetu yanaingia katika habari hii. Vipande vya kadi hushikamanishwa kwa bati iliyoyeyushwa, na bati hutoka katika kasiterite, jiwe linalochimbwa Walikale. Koltani inayochimbwa Rubaya, katika Masisi, hutoa madini ya kutengenezea kapasita ndogo sana za simu na kompyuta. Kwa hiyo mtu wa Hombo anayeona magunia ya mawe yakipita njiani, anaona mwanzo wa mashine hizo.

Sehemu iliyo ngumu kuliko zote ni kumbukumbu. Katika PDP-8 ya kwanza kumbukumbu ni pete ndogo sana, zimetungwa katika nyaya nyembamba kama shanga. Zilikuwa na nafasi 4,096, na kila nafasi ina pete 12. Fanyeni hesabu: ni pete 49,152. Kila pete ni sumaku inayoshika upande mmoja au mwingine, hata umeme ukizimwa. Waya mmoja ukikatika, kazi ya pete nyingi inapotea. Ikiwa haziwezi kutengenezwa, fundi anaweka kadi ya kumbukumbu ya siku hizi, inayojibu kama zile pete.

Huko Uingereza kuna mfano mkubwa. Kompyuta ya Harwell ilianza kuhesabu mwaka 1951. Si minikompyuta, maana uzito wake ni tani 2.5, lakini njia ya kuifufua ni moja. Mwaka 1957 ilipelekwa chuoni Wolverhampton, ikafundisha vijana mpaka 1973. Baadaye ikawekwa katika nyumba ya makumbusho mjini Birmingham. Nyumba hiyo ilipofungwa mwaka 1997, mashine ilifunguliwa vipande vipande ikatiwa ghalani. Bwana Kevin Murrell akaitambua katika picha ya vitu vya ghala. Mwaka 2009 ilipelekwa Bletchley Park, na mafundi wakaifanyia kazi miaka mitatu. Tarehe 20 Novemba 2012 iliwashwa tena mbele ya watu. Kuzidisha namba mbili huichukua sekunde kadhaa, pengine hata kumi. Vijana waliosoma kwayo zamani, sasa wazee, walifurahi kuiona.

Fundi mwema ana desturi moja ya mwisho. Kila kipande kipya anakitia alama, na anaandika kitabuni: hiki ni cha zamani, hiki nimekitengeneza mimi. Akificha, wanaokuja baadaye watadanganyika, watadhani kazi yake ni kazi ya watu wa mwaka 1965. Akiandika, mwingine ataweza kutengeneza tena pale yeye alipoishia.

Maswali

1. Kwa nini fundi haiwashi mashine ya zamani siku ya kwanza?
2. Fundi anajuaje kazi ya kadi ambayo haipo?
3. Taja mawe mawili ya Walikale na Masisi, na kazi yake katika mashine.
4. Tafuteni nyumbani chombo kimoja kilichotengenezwa kwa kipande kipya. Kipande hicho kinafanya kazi gani?