Semina moja haimuokoi mzazi

Leo tuzungumze jambo linalotugusa sote, maana hakuna aliyekuja duniani bila ya kuzaliwa.

Kila siku tunasikia wauguzi wetu "wamepata mafunzo". Siku tatu za semina, posho, vyeti, picha ya pamoja, kisha kila mtu anarudi kituoni kwake. Mimi nauliza: miezi sita baadae, mzazi akianza kutokwa na damu saa nane za usiku na muuguzi yuko peke yake zamu, mikono yake itakumbuka nini?

Sisi wa Chake mjini spitali tunayo karibu. Mtu wa Fundo au Makoongwe lazima avuke maji kwanza ndipo atafute gari. Damu haisubiri maji kujaa. Ndani ya saa chache tu inaweza kumuua mzazi aliyekuwa mzima kabisa.

Ndio maana Shirika la Afya Duniani limepanga huduma 7 za msingi za dharura ya uzazi: antibayotiki, dawa ya kukaza mji wa uzazi, dawa ya kifafa cha mimba, kutoa kondo la nyuma kwa mkono, kusafisha mabaki, kusaidia mtoto kutoka kwa kifaa cha kuvuta, na kumpulizia hewa mtoto asiyepumua. Upasuaji na kuongezewa damu ni za spitali kubwa.

Zitizameni hizo 7. Nyingi ni kazi ya mikono, na mkono usiofanya kazi husahau. Kituo kidogo kinazalisha wachache, kwa hiyo muuguzi anaweza kukaa miezi bila ya kukutana na mtoto aliyezaliwa hapumui. Akija kukutana nae, ana dakika moja tu, wenyewe wanaiita dakika ya dhahabu.

Ushahidi upo hapa hapa Tanzania. Spitali ya Haydom, mkoani Manyara, mwaka 2010 wafanyakazi walifundishwa siku moja kumsaidia mtoto kupumua, kwa kutumia mwanasesere. Miezi 7 baadae walipimwa. Mbele ya mwanasesere walifanya vizuri, lakini ndani ya chumba cha kuzalishia mambo yalikuwa yale yale! Mwaka 2011 wakabadilisha mtindo: mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki hapo hapo kazini, na dakika 40 kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila 1,000.

Walichoongeza ni mazoea tu, sio hoteli wala posho.

Bila shaka mafunzo peke yake hayatoshi. Oksitosini inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Friji ikifa, muuguzi hodari nae mikono mitupu. Na bibi zetu wakunga wa jadi tusiwasahau, wao ndio wa kumhimiza mzazi atoke nyumbani mapema.

Kwa hiyo ukisikia tena "wamepata mafunzo", uliza: mwanasesere yuko kituoni au amerudi na wageni? Nani anasimamia mazoezi ya kila wiki? Na usiku chombo cha kuvukia kipo?

Wauguzi mliopo vijijini, huko kwenu hali ikoje? Semeni, tunakusikilizeni.