Bunia: Panga la bei nafuu lafaa shambani, lakini je, linalinda nyumba?

Mjini Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, mapanga na visu vya bei nafuu havikosi sokoni. Hupangwa chini juu ya gunia, kando ya majembe, tupa na misumari. Mteja huinua moja, hugusa makali kwa kidole gumba, kisha huanza kubishania bei. Wengi husema ni la shamba. Lakini wakaaji wa mji huu wamezoea habari za wezi wa usiku na za vijiji vilivyovamiwa huko Djugu, Irumu na Mambasa. Likifika nyumbani, panga hilo hilo husimamishwa nyuma ya mlango.

Kwa hiyo linanunuliwa kwa kazi mbili. Ya kwanza linaiweza, mradi mnunuzi ajue kuchagua. Ya pili, mara nyingi, haliiwezi.

Tuanze na chuma. Mapanga ya kiwandani hukatwa kutoka kwenye bamba, kisha hupashwa moto na kupozwa ili chuma kikomae. Kiwanda kinachobana gharama huifanya kazi hiyo nusu nusu, na kwa macho huwezi kujua. Ukibana ncha kwenye ubao na kusukuma kidogo, panga zuri hupinda na kurudi lilivyokuwa. Likibaki limepinda, chuma ni laini, na makali yatalala siku ya kwanza kwenye mti mkavu. Tupa nayo husema kweli. Ikila chuma kwa urahisi kama inakula mti, mnunuzi aache. Ikiteleza kabisa bila kushika, chuma kimekuwa kigumu kupita kiasi: kitamegeka, tena hakuna atakayeweza kukinoa nyumbani. Panga jema liko katikati ya hayo mawili.

Chapa haitoshi. Mamba wa kampuni ya Martindale ya Uingereza anajulikana katika nchi nyingi za Afrika, lakini picha ya mnyama ni rahisi kuigwa, na karatasi iliyogandishwa haibadilishi chuma.

Mpini ndiyo sehemu inayodanganya zaidi. Kwenye panga, chuma kiendelee hadi mwisho wa mpini, kikishikwa na ribiti ambazo hazichezi wala hazikwaruzi kiganja. Visu vingi vya bei ya chini havina hayo: kipande kifupi cha chuma kimechomekwa ndani ya plastiki, basi. Vinakata nyama na nyanya bila shida. Vikitumiwa kwa nguvu, mpini hupasuka. Tena havina kizuizi kati ya mpini na makali, hivyo mkono wenye jasho huteleza mbele na mwenye kisu hujikata mwenyewe. Anayenunua kisu cha jikoni akidhani amenunua silaha ya kujilinda ajue hilo.

Mafundi wanaofua chuma cha resori za lori hutoa kazi ambayo wakati mwingine inashinda ile ya kiwandani, kwa sababu chuma hicho kinashika makali vizuri. Yote hutegemea fundi. Asipokizamisha kwenye mafuta baada ya moto, kinabaki laini. Akikizamisha na kukiacha hivyo, bila kukipasha tena kwa moto mdogo, kinavunjika kama chupa.

Sasa usiku. Ituri inajua vizuri panga linaweza kufanya nini. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro, kilomita 25 hivi kutoka Bunia, kilishambuliwa kwa bunduki na mapanga. Kwa shambulio hilo, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI, ilimtia hatiani Germain Katanga tarehe 7 Machi 2014 na kumpa kifungo cha miaka 12. Usiku wa tarehe 1 Februari 2022, katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, Djugu, wapiganaji wa CODECO waliua watu zaidi ya 50, wengi kwa mapanga. Pale pote, washambuliaji walikuja wengi, tena wakiwa na bunduki. Baba mmoja mwenye panga mlangoni hawezi kuzuia kundi kama hilo.

Na mwizi mmoja je? Panga linahitaji nafasi ya kulizungusha. Chumba ni chembamba, giza limejaa, watoto wamelala chini. Sheria nayo inatambua kujitetea pale tu hatari ipo wakati huo huo na jibu halipiti kipimo. Kumpiga mgongoni mwizi anayekimbia hakuitwi kujitetea. Na tangu hali ya dharura ianze tarehe 6 Mei 2021, jimbo likiwa mikononi mwa wanajeshi, kijana anayetembea usiku na panga wazi mkononi hujitafutia maswali magumu kwenye bariere.

Pesa ya panga la pili, lile la mlangoni, ingenunua komeo imara, taa ya sola au filimbi. Katika miji kama Goma na Bukavu wakaaji wamewahi kupiga sufuria na filimbi mtaa mzima, na mwizi anaogopa kelele za majirani kumi kuliko chuma cha mtu mmoja.

Wanaobaki na panga moja, la shamba, wana kazi ndogo ya kufanya. Mengi huuzwa bila ala. Mpira wa ndani wa tairi kuukuu, ukishonwa kwa uzi wa nailoni, unatosha. Aliyekatwa abane kidonda kwa nguo safi na kufika kituo cha afya siku hiyo hiyo, akaulizie chanjo ya pepopunda. Na nyumbani panga likae juu, mahali ambapo mtoto hafiki.