Rangi za vifaranga wa kware

Rangi za vifaranga wa kware ni rangi na michoro ya malaika, yaani manyoya laini ambayo kifaranga huanguliwa nayo. Kware anayefugwa katika mabanda ya nyuma ya nyumba pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju katika wilaya ya Kinondoni hadi Mbagala na Chamazi katika wilaya ya Temeke, ni kware wa Japani (*Coturnix japonica*). Kware wa Virginia (*Colinus virginianus*) wa Amerika ni ndege wa familia nyingine, na mayai yake hukaa siku 23 hivi kabla ya kuanguliwa. Ya kware wa Japani huchukua siku 17 au 18 tu.

Rangi ya asili

Kifaranga wa kawaida ana malaika ya manjano yenye mistari ya kahawia na nyeusi kichwani na mgongoni. Anapotoka kwenye ganda akiwa amelowa huonekana mweusi kuliko alivyo, kwa hiyo rangi huangaliwa akishakauka, tena kwa mwanga wa mchana. Chini ya taa nyekundu ya joto karibu wote hufanana.

Rangi zisizo za kawaida

Kifaranga wa manjano karibu mwili mzima, mwenye mistari hafifu, kwa kawaida huota manyoya ya rangi ya dhahabu. Wa manjano asiye na mistari, pengine mwenye doa jeusi kichwani, huwa mweupe akikua. Mwenye malaika ya kahawia iliyoiva huwa kware mweusimweusi. Hawa wote ni spishi moja na huzaliana. Anayeuza kware weupe kama "aina nyingine" anauza rangi tu.

Kifaranga aliyepauka huchunguzwa macho. Yakiwa mekundu, ana aina ya ualbino inayorithiwa kupitia kromosomu ya jinsia iitwayo Z. Dume ana Z mbili, jike ana moja. Hivyo dume albino akipandishwa kwa jike wa rangi ya asili, vifaranga wa kike wote hupauka na wa kiume wote huwa na mistari. Mfugaji hupata kutenganisha jinsia siku ya kwanza, badala ya kusubiri wiki tatu hivi hadi kifua cha dume kiwe chekundu-kahawia na cha jike kiwe na madoadoa. Kwa kware weupe hata kusubiri huko hakusaidii, kwani kifua hakina alama.

Hasara kubwa iko kwenye rangi ya manjano. Moja ya jeni zinazoileta huua kiinitete kinachoirithi kwa baba na mama pamoja. Wazazi wawili walioibeba wakipandishwa, takriban robo ya viinitete hufa ndani ya yai, na mfugaji hulaumu mashine ya kutotoleshea au kukatika kwa umeme. Si kware wote wa manjano wanaobeba jeni hiyo. Baadhi ya rangi zinazofanana nayo hazina madhara hayo. Mahali ambapo kumbukumbu za wazazi hazikutunzwa, njia salama ni kumpandisha kware wa manjano kwa mwenzake wa rangi ya asili: karibu nusu ya vifaranga hutoka wa manjano, na hakuna anayekufa kwa sababu hiyo.